Kutoka Tanuri la Matofali hadi Baridi Kuu: Maisha ya Heike Kamerlingh Onnes

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mvumilivu hula mbivu. Mpenzi msomaji, ukitaka ushahidi wa msemo huo, fuatana nami katika maisha ya profesa mmoja wa Uholanzi aliyeitwa Heike Kamerlingh Onnes. Jina lake ni gumu kulitamka, tena wengi wetu tunamaliza shule bila kulisikia. Hata hivyo, yeye ndiye aliyegundua kwamba umeme unaweza kupita ndani ya chuma bila kuzuiwa hata kidogo. Wataalamu wanaounda antena za mawimbi ya maikrowevu leo wanafaidi kazi yake, ingawa yeye mwenyewe alifariki mwaka wa 1926. Nitakayoyasimulia ni mambo ya baridi, na si baridi ya mchezo. Ile ya Limuru mwezi wa Julai ni kama jiko la makaa mbele yake!

KUZALIWA NA MASOMO

Onnes alizaliwa tarehe 21 Septemba 1853 katika mji wa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Baba yake, mzee Harm, alikuwa na kiwanda cha kuchoma matofali na vigae. Mama yake, Anna Gerdina Coers, alikuwa binti wa msanifu wa majengo kutoka mji wa Arnhem. Kwa hivyo kijana huyu alitoka katika ukoo wa watu waliojua udongo, moto na vipimo. Hebu liweke akilini jambo hilo la udongo na moto, maana tutalirudia huko mbele.

Mwaka wa 1870 aliingia Chuo Kikuu cha Groningen. Mwaka uliofuata, hata miaka ishirini hajafikisha, alishinda medali ya dhahabu katika shindano la insha za sayansi la Chuo Kikuu cha Utrecht. Kisha akaenda Heidelberg, Ujerumani, akafunzwa na Bunsen na Kirchhoff. Bunsen ni yule yule ambaye jina lake limebaki kwenye kichomeo cha gesi tunachokitumia maabara. Mwaka wa 1879 alipata shahada ya udaktari kwa kuandika kuhusu jinsi ya kuthibitisha kwamba dunia inajizungusha. Mwaka wa 1882, akiwa na umri wa miaka 29 tu, aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden.

Siku alipotoa mhadhara wake wa kwanza, Onnes aliwaambia watu kwamba njia ya kufikia elimu ni kupima. Kukisia hakutoshi, sharti upime. Mambo haya aliyashika maisha yake yote.

NGAZI YA KUSHUKA KWENYE BARIDI

Kwani alitaka kupima nini? Alitaka kujua tabia ya gesi na vyuma katika baridi kali. Siku hizo rafiki yake, van der Waals, alikuwa ameeleza kwa hesabu jinsi gesi inavyoweza kugeuka ikawa kiowevu, yaani majimaji. Hesabu hizo zilihitaji kujaribiwa.

Baridi ina mwisho wake. Huwezi kushuka chini ya nyuzi 273 chini ya sufuri. Hapo ndipo wanasayansi wanapoanzia kuhesabu kelvini, na hapo ndipo kelvini sufuri. Oksijeni huwa kiowevu ikifika kelvini 90, hidrojeni kelvini 20, na heliamu ndiyo sugu kuliko zote.

Njia aliyoitumia Onnes ni kama kushuka ngazi. Ukipakwa spiriti kabla ya kudungwa sindano, ngozi inasikia baridi kwa sababu spiriti ikikauka inaondoka na joto lako. Basi yeye alichukua gesi moja iliyogeuka kiowevu, akaiacha ichemke ili ipoze gesi ya pili. Ya pili nayo ikapoza ya tatu, hivyo hivyo, kidato baada ya kidato. Kufikia mwaka wa 1894 alikuwa na mitambo ya kutengeneza hewa na oksijeni ya kiowevu kwa wingi.

HOFU YA BARUTI

Mwaka wa 1895 mambo yalikwama. Sababu yake ilikuwa ya zamani. Tarehe 12 Januari 1807 meli iliyojaa baruti ililipuka katikati ya mji wa Leiden, ikaua watu zaidi ya mia moja na kubomoa nyumba nyingi. Maabara ya Onnes ilikuwa imejengwa palepale mahali nyumba zilipobomoka. Wakuu wa mji waliposikia kwamba profesa anashindilia gesi ndani ya mitungi, walishikwa na hofu. Kazi ya baridi ikasimamishwa hadi mwaka wa 1898.

Watu wengine wangekata tamaa. Onnes aliandika barua, akaeleza, akangoja. Hata mshindani wake mkuu, James Dewar wa London, aliandika kumtetea. Huyu Dewar ndiye aliyebuni ile chupa yenye kuta mbili ambayo leo tunaiita themosi na kuitilia chai. Lakini mashindano ni mashindano. Onnes alipokuwa bado anangoja ruhusa, Dewar aliigeuza hidrojeni kuwa kiowevu mwaka huo huo wa 1898. Onnes akawa wa pili.

SHULE YA VIJANA WA MAKOTI YA BULUU

Hapa ndipo ninapomwona Onnes kuwa mtu wa kipekee. Hakukimbilia kumfukuza Dewar mbio. Aliketi akajiuliza ni kitu gani kinakosekana, akaona ni mafundi. Mabomba yake yalihitaji watu wa kuyaunga yasivuje, na vyombo vyake vya kioo vilihitaji watu wa kuvipuliza kwa pumzi na moto. Mwaka wa 1901 alianzisha chama cha kuendeleza mafunzo ya mafundi wa vyombo vya sayansi. Vijana wakaja kusomea ufundi hapo maabara huku wakifanya kazi. Walivaa makoti ya buluu, na watu wakawaita vijana wa buluu. Fundi mkuu wa mitambo ya baridi alikuwa Gerrit Flim, na mkuu wa kupuliza vioo alikuwa Oskar Kesselring.

Profesa alikuwa mkali, lakini mwenye utu. Mwaka wa 1906 maabara yake ilikuwa na kiwanda kizima cha hidrojeni ya kiowevu, kumbe Dewar na wasaidizi wake wachache walikuwa wamekwama.

SIKU YA HELIAMU

Sasa ilibaki heliamu peke yake. Gesi hii ilikuwa adimu mno. Onnes aliipata kutoka kwenye mchanga wa monazaiti uliotoka North Carolina, Marekani, kwa msaada wa ndugu yake, Onno, aliyekuwa ofisini Amsterdam akishughulikia habari za biashara. Mchanga ukachomwa, gesi ikatolewa na kusafishwa kidogo kidogo.

Tarehe 10 Julai 1908 kazi ilianza saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Siku iliyotangulia walikuwa wametengeneza lita 75 za hewa ya kiowevu. Kufikia saa saba na nusu mchana lita 20 za hidrojeni ya kiowevu zilikuwa tayari. Inasimuliwa kwamba Onnes alikataa kuondoka mitamboni hata kula, ikabidi mke wake, Bi. Maria, aje amlishe vipande vya mkate huku yeye akiendelea na kazi. Mapenzi hayo jamani!

Jioni kipimajoto kilisimama, kikakataa kushuka zaidi. Chomboni hakuna kilichoonekana. Watu wakadhani wameshindwa. Ndipo mwenzao wa kemia, Profesa Schreinemakers, aliposhauri chombo kimulikwe kutoka chini. Walipomulika, wakaona mstari mwembamba wa uso wa kiowevu. Kumbe heliamu ilikuwa humo kitambo! Ilikuwa yapata saa moja na nusu jioni. Walipata kama sentimita 60 za ujazo, kiasi cha kujaza kikombe kidogo cha kahawa. Joto lake lilikuwa karibu kelvini 4, yaani nyuzi 269 chini ya sufuri. Kwa miaka 15 iliyofuata, hadi Toronto ilipofaulu mwaka wa 1923, hapakuwa na maabara nyingine duniani iliyoweza kufanya hivyo.

ZEBAKI YASHANGAZA

Baada ya kupata baridi, Onnes aliitumia kupima. Swali lilikuwa hili: waya ukipozwa sana, ukinzani wake unakuwaje? Ukinzani ni kule kuzuiwa kwa umeme ndani ya chuma. Ndio unaofanya pasi na koili ya jiko la umeme vipate moto. Wengine waliamini kwamba ukinzani utapungua polepole. Lord Kelvin, mwanasayansi mkubwa wa Uingereza, aliwaza kwamba chembe za umeme zitaganda na umeme utakataa kupita kabisa.

Walijaribu platini na dhahabu, wakaona ukinzani unashuka kisha unatulia mahali pamoja kwa sababu ya uchafu ulio ndani ya chuma. Ndipo wakachagua zebaki, kwa kuwa zebaki inaweza kusafishwa sana kwa kuchemshwa na kukusanywa tena. Tarehe 8 Aprili 1911 waliipoza ndani ya mirija myembamba ya kioo. Kijana aliyesimamia vipimo vya umeme alikuwa Gilles Holst, Cornelis Dorsman akashughulikia joto, na Flim akaongoza mitambo. Ukinzani ulitoweka. Haukupungua tu, ulikwisha! Walipopima tena kwa makini mwezi wa Oktoba, waliona kwamba unaanguka ghafla karibu na kelvini 4.2, kama mtu aliyekanyaga shimo gizani.

Hali hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa vitu vinavyoitwa supakondakta. Mwaka wa 1914 Onnes aliingiza umeme katika koili ya risasi iliyopozwa, akaondoa betri. Umeme ukaendelea kuzunguka wenyewe kwa saa nyingi bila kupungua kwa namna ya kuonekana. Aliota kutengeneza sumaku zenye nguvu kubwa, lakini akakuta kwamba sumaku yenyewe ikizidi nguvu inaiua hali hiyo. Alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka wa 1913.

SIFA NI ZA NANI?

Hapa sina budi kusema jambo moja ambalo halinipendezi. Makala ya mwaka wa 1911 yaliyotangaza ugunduzi huu yalitoka kwa jina la Onnes peke yake. Holst, aliyeketi mbele ya vipimo, alishukuriwa ndani ya maandishi tu. Wengine watasema hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya siku zile, kwamba mkuu wa maabara ndiye mwenye kazi. Nakubali. Isitoshe, bila Onnes maabara hiyo isingekuwapo. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu aliyeelewa kuliko wenzake wote kwamba sayansi inahitaji mikono ya mafundi, angalikuwa wa kwanza kuyaandika majina yao juu ya karatasi. Nashukuru kwamba Holst hakupotea. Alijiunga na kampuni ya Philips mwaka wa 1914 na kuwa mkurugenzi wa kwanza wa maabara yake ya utafiti.

Tusimhukumu mzee kwa hilo tu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza na baada yake alijitahidi kuwapatanisha wanasayansi wa nchi zilizopigana, na akasaidia watoto waliokuwa wakifa njaa. Afya yake haikuwa nzuri tangu zamani, na baada ya kuugua kwa muda mfupi alifariki Leiden tarehe 21 Februari 1926. Inasimuliwa kwamba siku ya mazishi msafara ulichelewa, ikabidi mafundi wake waharakishe mwendo nyuma ya jeneza, na Flim akatania kwamba mzee hata akiwa maiti bado anawakimbiza.

NA ANTENA JE?

Sasa msomaji ataniuliza, haya yote na antena wapi na wapi? Subira. Antena, au eriali kama tunavyoiita ile ya juu ya paa, ni chuma kinachotuma na kupokea mawimbi. Antena ya kawaida hufanya kazi vizuri ikiwa na urefu wa nusu ya wimbi. Wimbi la megahazi 900, ambalo hutumika kwa simu za mkononi, lina urefu wa kama sentimita 33. Kwa hiyo antena yake ya kawaida ni kama sentimita 16.

Tuseme fundi anataka antena ya sentimita 2 tu, iingie mahali padogo. Hapo taabu inaanza. Antena ya nusu wimbi hutoa mawimbi kana kwamba ni ukinzani wa omu 73. Ile fupi haifiki hata omu 1. Sasa ukinzani wa waya wenyewe, na wa koili inayoilisha, unakuwa mshindani wake. Nguvu nyingi inaishia kupasha chuma joto badala ya kwenda hewani. Ni kama kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka, unafika nyumbani mikono mitupu.

Dawa ni kuondoa ukinzani, yaani supakondakta. Lakini nani ataweka heliamu ya kiowevu kwenye kila antena, na gharama yake ilivyo? Kwa miaka 75 swali hilo lilikosa jibu. Mwaka wa 1986 Bednorz na Müller, waliokuwa katika maabara ya IBM karibu na Zurich, Uswisi, waligundua supakondakta ya aina mpya inayofanya kazi kwenye kelvini zaidi ya 30. Mwaka wa 1987 wenzao huko Marekani walipata nyingine, ya itiriamu, bariamu, shaba na oksijeni, inayofanya kazi hadi karibu kelvini 93. Ajabu ya Mungu, hii inaweza kupozwa kwa nitrojeni ya kiowevu, ambayo ni kelvini 77 na ni rahisi kupatikana kwa kuwa inatokana na hewa. Mwaka wa 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walikuwa tayari wameonyesha antena fupi ya namna hiyo.

Je, supakondakta hizi mpya ni nini? Si vyuma. Ni jamii ya vitu vya kufinyangwa, ndugu za vigae na matofali! Unachanganya unga, unaushindilia, unauchoma kwenye tanuri la joto la nyuzi 900 na zaidi. Mwana wa mwenye kiwanda cha matofali alitafuta maisha yake yote ndani ya zebaki na risasi, kumbe jibu la antena lilikuwa linasubiri kwenye udongo uliochomwa.

Lakini tusidanganyane, kwa kuwa Onnes alitufundisha kupima. Kwenye mawimbi ya maikrowevu ukinzani wa supakondakta si sufuri kabisa. Ni mdogo kuliko wa shaba kwa makumi ya mara kwenye gigahazi 10, lakini unapanda upesi mawimbi yanapozidi kuwa mafupi, na karibu na gigahazi 100 shaba inaufikia. Pia antena fupi isiyopoteza nguvu hukubali masafa machache tu, kama redio inayoshika stesheni moja. Tena antena ikiwa kubwa, shaba inatosha, huna haja ya kujisumbua. Kwa hiyo faida yake iko mahali maalumu: antena ndogo sana, nyaya ndefu nyembamba zinazolisha antena nyingi zilizopangwa pamoja, na vichujio vya kutenganisha mawimbi. Vichujio hivyo vilianza kuwekwa kwenye minara ya simu huko Marekani miaka ya 1990, ili mnara usikie simu dhaifu iliyo mbali.

Na heliamu ya mzee haijastaafu. Huko Chile kuna darubini ya mawimbi iitwayo ALMA, yenye antena 66. Vipokezi vyake vingi vina supakondakta ya zamani, ya chuma kiitwacho niobiamu, na vinapozwa hadi karibu kelvini 4, kiwango kile kile kilichofikiwa Leiden jioni ile ya mwaka wa 1908. ALMA ni mojawapo ya darubini zilizoshirikiana kupata picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, iliyotolewa mwaka wa 2019.

TAMATI

Mpenzi msomaji, watu hupenda kuuliza somo hili lina faida gani, na jibu lisipopatikana siku hiyo hiyo wanafunga kitabu. Wangalimuuliza Onnes mwaka wa 1911 zebaki yake itamsaidia nani, asingeweza kuitaja simu ya mkononi wala darubini ya Chile. Alichokuwa nacho ni swali, kipimo, na vijana wa makoti ya buluu. Wenzangu mnaopenda kushika nyaya na bisibisi kuliko kalamu, msikubali kuambiwa ati ninyi si watu wa sayansi. Bila mpuliza kioo, profesa angekaa na hesabu zake mpaka leo. Na wewe utakayekuwa profesa, tafadhali usisahau kuandika jina la aliyekushikia taa.

Mwandishi ni mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.